Si Zebaki, ni Utaridi

Mpwa wangu wa darasa la tano alinipigia simu ya mama yake usiku mmoja. Hakusalimia vizuri, alikuwa na haraka na kazi ya nyumbani. "Mjomba, hii sayari Zebaki ndiyo zebaki ile ya baba?"

Kwao ni Geita. Mtoto wa Geita hahitaji kamusi ili ajue zebaki ni nini. Baba yake anafanya kazi kwenye machimbo madogo, na mtoto ameshaona mawe yakisagwa kwenye karasha, mchanga wake ukioshwa, kisha yale maji mazito ya rangi ya fedha yakimiminwa kwenye beseni yazoe chembe za dhahabu. Ameshaona pia donge likichomwa motoni, moshi ukienda zake na dhahabu ikibaki. Moshi huo ni sumu, na baba yake anajua. Kwa hiyo mtoto alikuwa anauliza swali la maana kabisa: kuna sayari nzima ya kitu kile?

Nikamwambia hapana, ngoja nikupigie kesho. Nilisema hivyo kwa sababu nami nilifundishwa hivyohivyo. Katika daftari langu la shule ya msingi sayari ya kwanza iliandikwa Zebaki, na mwisho wa orodha, kule alikokuwa Pluto enzi zile, mwalimu alituandikisha Utaridi. Nikakariri, nikapata alama zangu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba jina la sayari iliyo karibu kabisa na jua lilikuwa limepelekwa mwisho kabisa wa safari, mahali ambapo hata joto halifiki.

Kosa lenyewe unaweza kuliona lilivyotokea. Waingereza wana neno moja, Mercury, kwa sayari na kwa ile metali ya majimaji. Waliounganisha viwili hivyo ni watu wa alkemia, waliokuwa wakigawia kila sayari metali yake: jua dhahabu, mwezi fedha, na sayari yenye mbio kuliko zote wakaipa metali isiyotulia. Mfasiri aliyekuwa na kamusi mkononi akatafuta Mercury, akakuta zebaki, akaandika. Kwa Kiarabu hivi ni vitu viwili tangu zamani, na Kiswahili kilivipokea vikiwa viwili. Metali ni zebaki. Sayari ni Utaridi, na ndugu zake ni Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kina Zuhura wamejaa kila mtaa. Utaridi sijawahi kukutana na mtu anayeitwa hivyo, labda ndiyo maana jina lilipotea hivihivi.

Ila halijapotea kote. Jumatano ya tarehe 20 Agosti 2025 nilikuwa Pangani kwa shughuli zangu, nikaamka mapema makusudi. Nilijua siku ile Utaridi umejitenga na jua kadiri ya kutosha, na ufukwe wa Pangani unatazama mashariki bila mlima wala ghorofa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa mchangani. Angani palikuwa na foleni: Mshtarii juu, chini yake Zuhura inawaka kama taa ya karabai, na hilali nyembamba ya mwisho wa mwezi iko karibu naye. Mzee mmoja alikuwa anakumba maji kwenye ngalawa yake kwa kopo la rangi lililokatwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini huko juu?"

Nikamwambia natafuta nyota ndogo, iko chini ya ile Nyota ya Alfajiri, itatokea karibu na maji. Akaacha kopo, akanyoosha mkono mbele kama anayenionyesha dukani kwa jirani. "Si ile pale." Na kweli ilikuwa pale, nukta yenye wekundu kidogo kwa sababu ya ukungu wa baharini, kama ngumi moja kasoro kutoka kwenye maji ukinyoosha mkono. Nilikuwa naitazama bila kuiona.

"Hiyo haikai," akasema. "Utaiona wiki mbili, halafu inazama." Kisha, huku amerudi kwenye kopo lake: "Na leo Jumatano, siku yake. Utaridi."

Nilimuuliza amejuaje. Mjomba wake alikuwa mtu wa falaki, akapiga ramli na kuandika hirizi, na kila siku ya juma alikuwa na mwenyewe: Jumapili jua, Jumatatu mwezi, Jumanne Mirihi, Jumatano Utaridi, Alhamisi Mshtarii, Ijumaa Zuhura, Jumamosi Zohali. Hesabu hii ni ya kale, imezunguka dunia nzima. Wafaransa mpaka leo Jumatano wanaiita mercredi. Mimi mambo ya nyota kuamua safari au ndoa siyaamini, na nilimwambia mzee hivyo kwa adabu. Lakini ukweli ukabaki palepale: mtu ambaye hakuwa na kitabu cha sayansi alikuwa na jina sahihi, na mimi, siku zile nikipata alama zote shuleni, sikuwa nalo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu vinalinakili bila kufikiri. Vinasema Utaridi ni vigumu mno kuuona kwa macho. Ni kweli, ukiwa Ulaya. Sayari hii haiachani na jua zaidi ya nyuzi 28 hivi hata siku zake bora, kwa hiyo inaonekana tu muda mfupi kabla jua halijachomoza au baada ya kutua. Kule kaskazini jua linazama kwa ubavu, linateleza pembeni kwenye upeo wa macho, na mwanga wa jioni unachelewa kuondoka. Utaridi unafuata mteremko uleule, unakuwa umelala chini kwenye moshi na miti. Huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima. Giza linaingia upesi, kama ajuavyo mtu aliyewahi kukwama njiani saa kumi na mbili na nusu jioni, na sayari inakuwa imesimama juu ya mahali jua lilipotua, haijalala pembeni. Kwa kuutazama Utaridi, anayeishi Pangani au Kisumu au Kisangani amekaa jukwaa kuu. Copernicus, aliyeandika kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, alilalamikia ukungu wa mto Vistula uliomnyima sayari hii, na katika hesabu zake akategemea vipimo vya watu wa Nürnberg. Na namna aliyoutungia Utaridi mwendo wake inafanana sana na ile iliyokuwa imeandikwa Damascus karne mbili nyuma na Ibn al-Shatir, mtunza saa za sala wa msikiti mkuu wa Bani Umayya. Wataalamu wanabishana bado jinsi kazi ya mmoja ilivyofika kwa mwingine. Mimi nafurahia tu kwamba mtu aliyeajiriwa kuangalia saa ya adhana ndiye aliyeusumbukia Utaridi kiasi hicho.

Nisijifanye mjuzi. Mara yangu ya kwanza kuutafuta ilikuwa aibu tupu. Tarehe 11 Novemba 2019 Utaridi ulipita mbele ya jua, na huku kwetu ulianza kama saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa naishi Dar es Salaam, nikapanda juu ya paa la nyumba niliyopanga nikiwa na darubini ya macho mawili ya kuazima. Mtu asitazame jua kwa darubini hata sekunde moja, jicho linaungua. Nilichofanya ni kuielekeza kwenye jua na kuacha mwanga uanguke kwenye karatasi nyeupe nyuma yake, ukawa duara la ukubwa wa sahani ya chai. Mawingu ya vuli yalikuwa yanakuja na kuondoka. Nikangoja. Kisha nikaiona: nukta nyeusi, ya mviringo, ndogo kama ncha ya sindano. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka uani kuuliza kama nimeanguka. Akapanda ngazi na kanga yake, akatazama, akasogeza karatasi aone vizuri. Nukta ikasogea pamoja na karatasi.

"Baba," akasema, "hii ni ya nzi."

Nilijipa moyo baadaye niliposoma habari za Kepler, mtaalamu wa nyota wa Kijerumani. Mwaka 1607 aliuona mwanga wa jua uliopenya tundu dogo ukiangukia karatasi na nukta nyeusi ndani yake, akatangaza ni Utaridi. Lilikuwa doa la jua lenyewe. Miaka ikapita, akapiga hesabu kwamba Utaridi utapita mbele ya jua Novemba 1631, akafa mwaka mmoja kabla. Siku ilipofika, tarehe 7, Pierre Gassendi alikuwa Paris na duara lake la mwanga, akaona nukta ndogo mno akadhani ni doa tu, mpaka alipoona inavyokimbia. Mmoja aliona doa akasema sayari, mwingine aliona sayari akasema doa. Yangu ilikuwa ya nzi, lakini niko katika ukoo huohuo.

Sasa sayari yenyewe. Kipenyo chake ni kilomita 4,879. Titan, mwezi wa Zohali, ni mkubwa kuliko huo. Inalizunguka jua kwa siku 88, umbali wake ukibadilika kutoka kilomita milioni 46 hadi milioni 70, kwa sababu njia yake imevutwa kama yai. Angahewa ya kutajika haina, kwa hiyo joto halina blanketi: mchana nyuzi 430, usiku nyuzi 180 chini ya sifuri.

Kinachonivutia mimi ni saa zake. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini Utaridi unaonyesha jua uso mmoja tu, kama mwezi unavyotufanyia sisi; Schiaparelli wa Italia alisema hivyo karne ya 19, na kwa darubini za wakati ule, kila nafasi nzuri ya kutazama ilipofika, ilitokea sayari imegeuza upande uleule. Mwaka 1965 Gordon Pettengill na Rolf Dyce wakaipiga rada kutoka Arecibo, Puerto Rico, wakakuta inajizungusha kwa siku 59 hivi. Mwitaliano mwingine, Giuseppe Colombo, ndiye aliyeona siri: inajizungusha mara tatu kamili kila inapolizunguka jua mara mbili. Matokeo yake, kutoka mawio hadi mawio mengine ni siku 176 za kwetu. Yaani siku moja ya Utaridi ni miaka yake miwili. Mtu akifunga saumu kule alfajiri, atafuturu baada ya siku 88, mwaka mzima wa sayari hiyo ukiwa umepita bila yeye kugusa tende.

Halafu kuna muujiza wa jua linalorudi nyuma. Utaridi unapolikaribia jua kabisa, mwendo wake njiani unazidi kasi ya kujizungusha kwake. Kwa mtu aliyesimama mahali fulani juu yake, jua linachomoza, linasita, linarudi chini, kisha linachomoza tena. Mfikirie muadhini wa huko.

Ndani ya sayari hii kuna chuma kingi ajabu. Ukilikata parachichi lenye kokwa kubwa ukabakiwa na nyama nyembamba, umeona Utaridi: kiini chake kinachukua takriban asilimia 85 ya nusu kipenyo. Kadiri kiini kilivyopoa, sayari ikasinyaa, nusu kipenyo chake kikapungua kwa kiasi kinachofika kilomita saba hivi, na ngozi ikajikunja kuwa magenge marefu, kama embe lililosahaulika dirishani. Na kwenye ncha zake, ndani ya kasoko (mashimo makubwa ya mviringo) ambazo jua halijawahi kuzimulika kwa sababu mhimili wake umesimama wima, kuna barafu ya maji. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Rada za duniani zilikuwa zimeishuku tangu 1991, na MESSENGER, chombo cha anga za juu cha Wamarekani, kikathibitisha mwaka 2012.

Kwenda huko ndiyo kazi. Watu hudhani shida ni kufika mbali, lakini Utaridi si mbali. Ukichukua wastani wa muda mrefu ndio sayari iliyo karibu nasi kuliko zote, kwani Zuhura na Mirihi hukaa muda mwingi upande wa pili wa jua. Shida ni breki. Aliyewahi kuteremka mlima wa Kitonga ndani ya lori lililosheheni ataelewa. Mara moja nilipewa lifti kutoka Iringa, na dereva hakuongea neno kuanzia juu mpaka chini. Aliweka gia nzito, akawa anasikiliza injini. Chombo kinachoelekea Utaridi kinateremka mlima wa jua, kila kilomita kinazidi kasi, na kule chini hakuna hewa ya kukipunguzia. Colombo ndiye aliyewashauri Wamarekani jinsi ya kukiendesha Mariner 10, chombo cha kwanza kufika. Kilipunguza mwendo kwa kupita karibu na Zuhura, kikapita Utaridi mara tatu, 1974 na 1975, kikapiga picha chini ya nusu ya sayari. MESSENGER kilirushwa Agosti 2004 na hakikuweza kuingia kwenye mzunguko wake mpaka Machi 2011. Tarehe 30 Aprili 2015 mafuta yalipokwisha kikajibamiza juu yake. Sasa kuna BepiColombo, cha Ulaya na Japani, chenye jina la Mwitaliano yule. Kimetoka Oktoba 2018, kimepunguza mwendo mara moja kwa Dunia, mara mbili kwa Zuhura na mara sita kwa Utaridi wenyewe, mitambo yake ya kusukuma ikapungukiwa nguvu njiani, na kuwasili kumesogezwa hadi Novemba 2026. Miaka minane ya kukanyaga breki.

Kidogo kuhusu Einstein, kisha niache. Urbain Le Verrier, Mfaransa aliyeigundua Neptune kwa kalamu na karatasi, mwaka 1859 alitangaza kwamba njia ya Utaridi inageuka zaidi kidogo kuliko hesabu za Newton zinavyoruhusu. Kiasi chenyewe, baada ya kurekebishwa, ni sekunde 43 za pembe kwa karne, kama upana wa sarafu ukiitazama kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira. Le Verrier akasema basi kuna sayari nyingine iliyojificha ndani, ikapewa jina Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini Ufaransa akadai ameiona, akapewa nishani. Watu waliitafuta miongo. Haikuwepo. Novemba 1915 Einstein akapiga hesabu kwa nadharia yake mpya ya uvutano, sekunde 43 zikatoka zenyewe bila sayari ya ziada, na alimwandikia rafiki yake kwamba kwa siku kadhaa hakujitambua kwa furaha. Daktari yule alibaki na nishani yake. Namwelewa sana, angalau mimi nilikuwa na mama mwenye nyumba.

Kasoko za Utaridi hupewa majina ya wasanii. Kuna Beethoven, Shakespeare, Tolstoj, na tangu Aprili 2015 kuna Kulthum, kwa ajili ya Umm Kulthum wa Misri. Hilo la mwisho lilinifanya nitabasamu, maana bila santuri za Cairo taarabu ya Unguja isingekuwa ilivyo. Wakija kuuliza jina jingine, mimi ninalo mfukoni: Siti binti Saad.

Kesho yake nilimpigia mpwa wangu kama nilivyoahidi. Nikamwambia sayari si ya zebaki, ni ya mawe na chuma, na jina lake Utaridi. Akaniuliza kwenye mtihani aandike lipi. Swali gumu kuliko la kwanza. Nikamwambia aandike Utaridi, na kama mwalimu akikosoa, amwombe anipigie. Alinyamaza kidogo, akipima kama mjomba wa kwenye simu ana thamani ya alama moja.

Ndipo nikamweleza kwamba tarehe 13 Novemba 2032 Utaridi utapita tena mbele ya jua, na safari hii tutauona wote tangu unapoingia hadi unapotoka, kuanzia kama saa nne kasoro asubuhi hadi saa nane mchana, mawingu yakitujalia. Nitakuja Geita na darubini halisi na karatasi safi.

"Hiyo ni siku gani, mjomba?"

Nikahesabu kwa vidole. "Jumamosi."

"Sawa," akasema. "Kama ni Jumamosi hakuna shule."